Jina Lililofurika

Chumba cha mashine ya barua kilikuwa choo zamani. Tundu lilizibwa kwa saruji na bomba likakatwa, lakini vigae vyeupe vilibaki ukutani, pamoja na alama ya kutu pale lilipokuwa limening'inia tangi la maji. Wenzake hawakumwachia Fundi apumue kwa hilo. Mgeni akimuulizia, karani wa mapokezi alijibu bila kuinua uso, "Fundi yuko chooni, atatoka jioni." Mgeni akabaki akijiuliza ni tumbo la namna gani hilo.

Fundi alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba kama ufito. Miwani yake ilifungwa uzi upande mmoja, ulimi wake haukufungwa popote. Alianza kwa kutengeneza mashine za taipu; taipu zikafa mikononi mwake, akahamia kwenye kompyuta kwa kujikaza tu. Mume alikuwa naye. Siku moja alitoka kwenda kununua betri za redio, na mpaka leo redio haina betri. Sasa aliishi na mama yake mzazi, bibi mwenye maswali kuliko askari wa mpakani na mdomo usioweza kuficha hata umri wake mwenyewe.

Ofisi ile haikuwa na kibao mlangoni, na kwa sababu. Kazi yake ilikuwa kuwaficha wanawake waliokimbia waume wa kuwaua. Ilikuwa na nyumba zake, kila moja mahali pake, zikiitwa kwa majina ya ndege: Njiwa, Kanga, Chiriku. Njia ya kwenda huko aliijua dereva peke yake, mama mmoja mnene aliyeitwa Mama Gari, na akiwa safarini alizima simu mpaka arudi. Mkurugenzi hakujua nyumba ziko wapi, na Fundi pia hakujua. Mtu asiyejua hata akikabwa koo hana cha kutapika.

Simu hazikuruhusiwa katika nyumba zile. Zamani mmoja alificha simu kwenye godoro, mumewe akaifuata mpaka mlangoni, na yaliyotokea hapo watu wa ofisi hawakupenda kuyasimulia. Kilichobaki ni barua za kompyuta, zote zikipitia kwenye mashine ile ya chooni. Nyumba hazikupokea barua yoyote iliyotoka njia nyingine. Fundi ndiye aliyezifunga hivyo, na alijisifu kwa hilo.

Halafu kulikuwa na salamu. Kila asubuhi ofisi ilituma salamu kwenye kila nyumba: "Hapa tumeamka salama." Basi, hakuna zaidi. Zikifika, siku inaendelea. Zisipofika mpaka chai imenywewa na vikombe vimeoshwa, mama wa nyumba haulizi wala hasubiri. Anawaambia wanawake wabebe watoto na vifurushi, wanatokea mlango wa nyuma kwenda mahali anapopajua yeye na Mama Gari tu. Kimya ndicho kilichokuwa amri. Mwanzoni salamu aliziandika karani kwa mkono wake, lakini karani alikuwa mtu wa kusukwa nywele asubuhi, na mara mbili tatu nusura nyumba zihame kwa sababu ya msuko. Ndipo Fundi alipoiagiza mashine izitume yenyewe. "Mashine haina nywele," alisema, na ofisi nzima ikacheka na kumpigia makofi.

Makofi hayo aliyakumbuka baadaye, na yalimuuma kama amepigwa nayo usoni.

Maana ndani ya nyumba ya Chiriku alikuwamo mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, yeye na mtoto wake wa kike. Fundi mwenyewe ndiye aliyemleta ofisini, taya limevimba, hereni moja sikioni na nyingine haijulikani iliko. Kwanza walikwenda polisi. Polisi walimpigia simu mumewe aje achukue mkewe, maana mume yule alikuwa dalali wa magari, na aliwauzia wakubwa wa kituo magari yao. Baada ya hapo hakukuwa na mlango mwingine wa kubisha. Kitinda alipopanda gari la Mama Gari, Fundi aligeukia ukutani ili asione linakata kona gani.

Sheria iliwaruhusu ndugu kuandikiana kupitia ofisi. Basi Kitinda aliandika, na aliandika kama alivyokuwa akiongea tangu utoto, bila breki. Barua moja ilisema: "Dada, jino la mbele la mwanao limeng'oka, kalimeza na uji, sasa analia anadhani litaotea tumboni. Mimi usingizi sina, nyuma ya ukuta kuna mashine ya kupasua mbao, inaanza kunguruma hatujaamka, na kengele ya shule utadhani imefungwa kwenye dirisha letu."

Fundi aliisoma kwa hasira. Akajibu papo hapo: "Na wewe ukaitwa Chiriku kwa haki. Mambo ya mbao na kengele ukome kuyaandika. Mbusu mtoto, mwambie jino halioti tumboni." Kitinda akajibu, "Nimekoma, dada." Lakini barua ilikuwa imekwisha kulala kwenye mashine.

Sasa twende kwenye mashine yenyewe, maana hapo ndipo penye kidonda.

Programu iliyopokea barua ilikuwa ya zamani, na walioitengeneza walikwisha kuitupa mkono. Ilikuwa na kasoro inayojulikana na kila mwenye kazi hiyo, wema na waovu. Barua ikiingia, programu ilitenga chombo cha kuwekea jina la anayeiandika, chombo chenye ukubwa wake, kisha ikamimina jina bila kupima. Jina likiwa la kawaida, hakuna neno. Likiwa refu kupita chombo, linafurika na kumwagikia kilicho jirani, na jirani yake ni mahali mashine inapoweka maagizo ya nini ifanye baadaye. Chukua muuguzi anayemimina uji kwenye kikombe huku anaangalia dirishani, ukafurika na kufuta karatasi ya dawa iliyoko mezani. Afadhali uji, haujui kuandika. Mtu mwenye nia mbaya anajua. Anapanga maneno yake vizuri, yale ya mwanzo ya kujaza chombo tu, na yale ya mwisho, yanayomwagika, ndiyo maagizo: nifungulie mlango, nipe funguo. Mashine haina akili ya kuuliza nani kaandika. Inasoma na kutii.

Fundi aliijua kasoro ile. Programu mpya ilihitaji mashine mpya, na mashine mpya ilikuwa ahadi ya wafadhili, yaani hewa. Kwa hiyo aliweka mlinzi mlangoni, programu ndogo ya kupima jina la kila barua kabla halijamiminwa. Refu kupita kiasi, rudi ulikotoka. Mlinzi alifanya kazi vizuri mpaka alipomrudisha Mkurugenzi.

Mkurugenzi alikuwa mwalimu mstaafu, mzee mwenye moyo mwema na majivuno mabaya. Akiandika kutoka nyumbani kwake, mbele ya jina lake alitanguliza vyeo vyake vyote: Mwalimu Mstaafu, Mkurugenzi na Mwasisi Mwenza, Mwenyekiti wa Kudumu, Mlezi wa Kwaya, Mshauri wa Ndoa, Mjumbe wa Heshima wa hiki na kile. Ukifika kwenye jina lenyewe umesahau ulikuwa unatafuta nini.

"Bi Fundi, barua yangu imerudishwa."

"Jina lako refu, mzee. Mlinzi anapima."

"Mlinzi gani wa kunirudisha mimi kwenye ofisi yangu?"

"Wa mashine."

"Mfukuze kazi."

"Mzee, tupunguze kidogo. Toa hata kwaya."

"Kwaya nimeilea tangu haina sauti. Sitoi."

Fundi alieleza habari ya kufurika, akachora na chombo. Mzee alisikiliza kwa adabu, akauliza kama kuna mtu amekwisha kuingia. Hapana, hajaingia. Basi atoe huyo mlinzi, wafadhili wasije nao wakarudishwa mlangoni kama omba omba. Fundi angeweza kukataa. Angeweza kumtengenezea mzee tundu lake peke yake, ingawa ni kazi ya siku nzima. Lakini siku ile mama alikuwa na homa, na yeye alikuwa amechoka kubishana na watu wanaojibu kwa vyeo. Akamtoa mlinzi. Kwa muda tu, alijiambia, mpaka nitulie nifanye vizuri. Nani aliyewahi kutulia?

Ikapita miezi, shwari.

Jioni moja alirudi nyumbani akamkuta mama amekaa mlangoni, uso umekunjuka.

"Shemeji yako alipita."

"Shemeji yupi?"

"Una mashemeji wangapi wewe? Huyo huyo. Kaleta sabuni na sukari, kakaa hapo hapo, kalia mpaka nikamhurumia."

"Machozi anayo, mama. Ngumi pia anazo."

"Sijasema hana. Kaniuliza kama jino la mtoto limeshaota."

Fundi alikuwa anavua viatu. Kimoja kikabaki mguuni.

"Jino gani?"

"La mbele, si limeng'oka. Eti mtoto alilimeza na uji. Kacheka, halafu kalia tena." Mama alimkazia macho. "Wewe huniambii kitu. Habari za mjukuu wangu nalishwa na wakwe."

Ilikuwa kweli. Fundi hakuwahi kumwambia. Barua za nyumba zile hazikutoka ofisini hata kwa mdomo, na mama mdomo wake unaujua. Hadithi ya jino na uji ilikuwa mahali pamoja tu duniani nje ya nyumba ya Chiriku: ndani ya mashine, chooni.

 Fundi aliketi sakafuni na kiatu chake kimoja. Mama akauliza kuna nini, akajibiwa hakuna. Hakuna, mama. Kama jino amelisoma, na mbao kazisoma. Na kengele. Mashine za kupasua mbao ni nyingi, lakini zenye shule mgongoni ni ngapi? Dalali wa magari hakosi gari la kuzungukia. Na alivyokuwa bwana yule, alikuwa na marafiki wa kila kazi, wakiwemo wanaofungua milango isiyo yao. Anwani ya barua za Fundi, ile ya ofisini, alikuwa nayo tangu wakipanga harusi yake na Kitinda.

Alfajiri hakungoja usafiri, alikwenda kwa miguu, akakimbia pale ambapo hakuna wa kumtazama. Alifungua mlango wa choo, akakaa mbele ya skrini na kusoma kumbukumbu za mashine kwa kurudi nyuma. Akaiona. Barua iliyokuja na jina lisilo jina, herufi moja ikirudiwa na kurudiwa, kama mtoto anayefundishwa kuandika na hajaambiwa aache, na mwishoni takataka zisizosomeka. Zisizosomeka na binadamu. Mashine ilizisoma. Ilianguka kama mtu wa kifafa, ikainuka yenyewe, na tangu hapo ilikuwa na bwana wa pili: mtumiaji ambaye Fundi hakumsajili, mwenye mamlaka yote aliyokuwa nayo yeye. Barua za Njiwa na Kanga hakuzigusa. Za Chiriku alizifungua zote, moja baada ya nyingine, na ile ya jino aliifungua tena na tena.

Chombo kilichofurika kilikuwa kile kile. Mlinzi yule angekuwepo, jina lile lingerudi lilikotoka.

Fundi alijaribu kufikiri, fikra zikawa zinateleza. Kumtoa yule mtumiaji? Atarudi kwa tundu lile lile, na atajua ameonekana. Kumwandikia mama wa nyumba ya Chiriku, hameni? Atakayeisoma kwanza ni yeye. Ataweza kuifuta isifike, ataweza kuandika nyingine kwa jina la Fundi, tulieni msiende popote. Mtu akishakuwa bwana wa mashine, unachokiona kwenye skrini ni kile anachotaka ukione. Simu hakuna. Mama Gari yuko njiani na simu imezimwa. Na baada ya muda si mrefu mashine, kwa agizo la Fundi mwenyewe, ingetuma salamu zake kwa nyumba zote: hapa tumeamka salama.

Alimkuta Mkurugenzi anakoroga chai ofisini kwake.

"Mzee, tumeingiliwa. Salamu zisiende leo."

Alimweleza yote kwa pumzi moja. Mzee alikiweka kijiko mezani taratibu. Aliifahamu maana yake, hakuwa mjinga. Lakini uso wake ulianza kutafuta pa kujificha.

"Una hakika ni yeye?"

"Jino, mzee. Nani mwingine anayelitaka jino la mtoto yule?"

"Watu wa nyumba zote wakimbie porini kwa sababu ya jino la mtoto?"

"Hawakimbii porini. Mama wa nyumba wanajua pa kwenda."

"Njiwa kuna mzazi wa juzi. Kitovu cha mtoto hakijadondoka. Na mvua ndiyo hiyo." Alionyesha dirishani, na kweli ilikuwa inanyesha. "Utamtoa mzazi kwenye mvua, kwa miguu, wakati mwizi wako hata barua zao hakuzigusa?"

Fundi alitazama mvua. Alimwona yule mzazi, asiyemjua, amefunika kichanga kwa kanga iliyolowa.

"Siwezi kunyamazia nyumba moja tu," alisema polepole. "Nikigusa orodha ya salamu, ataona. Ikizimika yote, atadhani umeme umekatika."

"Tumngoje Mama Gari. Kesho kutwa yuko hapa."

"Kesho kutwa mimi nitakuwa nachagua sanda."

"Bi Fundi."

"Ndiyo hivyo, mzee. Ameshindwa kumuua mara ya kwanza kwa sababu majirani waliingia. Kule nyuma ya mbao nani ataingia?"

Mzee alisimama. Aliongea kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko kelele. "Sheria unaijua. Nyumba zikihama kwa kimya, majina yanakufa, anwani zinakufa. Na mtu ambaye siri imevuja kupitia kwake, hata kama hakutaka, haunganishwi tena na aliyehama. Ukizima hutampata. Si wiki hii, si mwaka huu. Mama yako atauliza, utamwambia nini?"

"Najua."

"Basi nakukataza. Kwa faida yako, na kwa ya yule mzazi."

Fundi akageuka na kutoka. Alisikia viatu vya mzee vikimfuata ukumbini, akaongeza mwendo, akaingia chooni na kufunga mlango. Watu walihamisha tangi, walihamisha bomba, lakini komeo la choo hakuna aliyelikumbuka. Alilisukuma, likaingia mahali pake.

"Bi Fundi, fungua."

Sauti ya karani, aliyekuwa ndio kwanza anaingia kazini na hajui lolote, ikasikika kule nje: "Muache mzee wangu, labda leo ni tumbo kweli."

Aliketi mbele ya skrini. Saa ya mashine ilikuwa inajongea. Na hapo, kwenye mstari wa chini, alimwona yule mtumiaji wa pili akiingia. Ameamka mapema, naye ana kazi. Fundi alimtazama akitembea ndani ya mashine kama unavyomtazama nyoka akipita chumbani ulikolaza mtoto, huwezi kupiga kelele. Alikwenda moja kwa moja kwenye kisanduku cha Chiriku. Akakaa. Alikuwa anangoja barua.

Na barua ikaingia.

Ilikuwa ya Kitinda. Mashine ilitoa ule mlio wake mdogo, ambao siku zote ulimfanya Fundi atabasamu kabla ya kusoma. Kabla hajanyosha kidole, yule mwingine alikwisha kuifungua. Fundi akaifungua pia. Walikuwa wanaisoma wawili, yeye na mkono wa shemeji yake, kila mmoja upande wake.

"Dada, usinikasirikie tena. Nataka kukueleza kitu, na nikueleze vizuri, kwa sababu hapa tulipo"

Chini kulikuwa na maneno mengi. Barua ndefu, ya kawaida yake, isiyo na breki. Pengine ilikuwa habari ya jino. Pengine ilikuwa jina la mtaa. Saa ilikuwa inafika. Mlango ulitingishwa, mzee akimwita sasa kwa jina la ukoo wake, kama anavyoitwa mtoto aliyepanda juu ya paa. Kusoma barua ile kungemchukua muda wa kumeza mate, na muda huo ndio uliokuwa umebaki.

Alichukua koleo, akainama nyuma ya meza, akaikata kebo. Halafu akang'oa waya wa umeme. Betri ya akiba iliyoko chini ikaanza kulia, kwikwi fupi fupi, akaing'oa nayo. Skrini ikawa nyeusi, na ndani yake akaona sura ya mwanamke mwenye miwani ya uzi.

Alitoa komeo. Mzee alikuwa amesimama pale, pumzi juu juu. Alimtazama Fundi, akatazama koleo, kisha akatazama saa yake ya mkononi. Mtaani watu walikuwa wanakunywa chai.

"Mungu atusamehe," alisema, akaenda kuketi kwenye kiti cha wageni.

Wataalamu walioitwa walisema mashine ile isiwashwe hata kidogo, ifutwe yote mpaka mfupa. Fundi aliwaomba waitoe barua moja tu, barua moja, hata waisome wao na kumweleza. Walimwambia hawawezi kujua kilichoachwa ndani. Alijua wanasema kweli, na yeye angejibu hivyo hivyo. Wakaifuta.

Mama Gari aliporudi alizunguka njia zake, akaja kutoa taarifa kwa Mkurugenzi, mlango umefungwa. Akitoka alimkuta Fundi ukumbini, mikono imeshikana.

"Mzazi wa Njiwa amefika alikofika," alisema. "Kalowa, kichanga kina mafua, wazima. Kanga pia."

"Na Chiriku?"

Mama Gari alikuwa mtu wa kucheka, lakini siku ile uso wake ulikuwa kama ukuta. "Nyumba ni tupu. Maharage yameungulia jikoni mpaka sufuria imetoboka. Mlango umevunjwa."

"Umevunjwa kabla, au baada?"

"Mlango hausemi, Fundi."

"Mama Gari. Nakuomba."

"Mimi sijui kitu, mwenzangu." Ndivyo alivyofundishwa kusema, kwa mtu ambaye siri imepitia kwake, na alisema vizuri. Fundi alimchungulia machoni akitafuta chembe, iwe ya msiba au ya furaha. Hakuiona. Mama yule aliijua kazi yake.

Hakufukuzwa. Aliambiwa apumzike nyumbani mpaka atakapoitwa, na hajaitwa. Huko ofisini, nasikia, Mkurugenzi siku hizi anaandika jina moja tu, kwaya imebaki bila mlezi. Fundi aliweka meza barazani, akaanza kutengeneza pasi na redio za watu. Mama alikaa kando yake akimenya hiki na kile, na kila barua ya kompyuta ilipotajwa mtaani aliuliza, "Mdogo wako kaandika?"

"Bado, mama."

"Huyu mtoto ana moyo wa jiwe."

"Ndiyo, mama."

Usiku Fundi hakulala. Sentensi ile iliyokatika ilimzunguka kichwani: kwa sababu hapa tulipo. Aliimalizia kwa namna zote, na zote zilimalizikia kwenye mlango uliovunjwa. Alikula kwa sababu mama alimtazama. Kuna siku alishika pasi ya moto na hakuiachia mpaka mama alipomzaba kofi la mkono.

Ndipo shemeji akaja. Alikuja mchana, bila sabuni, bila sukari. Shati lilikuwa la siku nyingi, macho mekundu. Alisimama mbele ya meza ya Fundi, na Fundi, aliyekuwa ameinama kwenye redio, aliviona viatu kwanza. Kwenye mishono, chini ya kamba, vilikuwa vimejaa unga wa mbao.

 Amefika. Alifika pale, alisimama nyuma ya ukuta ule.

"Dada," alisema yule bwana, na sauti ilikuwa inatetemeka kwa ghadhabu aliyoibana kwenye meno. "Nakuuliza kwa heshima. Mdogo wako mmempeleka wapi?"

Fundi hakuinua uso. Alishika bisibisi kwa mikono yote miwili ili isigonge meza. Ameuliza. Mtu aliyekwisha kumpata hawezi kuuliza. Machozi yalimdondoka juu ya redio, akayapangusa na kitambaa cha kazi kana kwamba ni mafuta.

"Sijui, shemeji," alisema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake jibu hilo lilikuwa kweli na tamu. "Kaa. Mama, tia chai."

Tangu siku hiyo yule bwana hakukoma. Mara anatishia, mara analia, mara analeta sabuni tena. Mama anamsikitikia, kisha anamlaani, kisha anamtilia chai. Fundi anamkaribisha kila mara. Majirani wanasema mwanamke yule amekosa haya, anamkalisha barazani mtu aliyemvunja taya mdogo wake. Waache waseme. Hana barua, hana simu, hana Mama Gari. Habari za nduguye anazipata kwa mtu mmoja tu, na zote ni swali lile lile.

Wiki hii hajaonekana. Fundi ana pasi ya mtu mezani tangu juzi, imefunguliwa, skrubu zimetawanyika, macho yake yako barabarani. Kila gari likipunguza mwendo anasimama, kisha anaketi.

"Unamngoja nani?" mama aliuliza.

"Shemeji."

"Leo umempenda?"

"Simpendi, mama," alisema Fundi, akaivuta miwani na kutazama tena kule barabara inakopinda. "Weka tu maji jikoni."